Kiporo Kilichopendwa Kama Pilau

Kila mwenye nyumba ajua kwamba pilau haipikwi siku saba. Ipo siku ya pilau na ipo siku ya kiporo, na mpishi hodari hupimwa kwa siku hiyo ya pili. Watengenezaji wa michezo ya televisheni nao wana viporo vyao. Mchezo wa mfululizo ukiwa na sehemu sita, na fedha nyingi zikenda katika ile ya kwanza, hapana budi mojawapo ya zilizosalia ifanywe kwa gharama ndogo: chumba kimoja, wachezaji wawili, na maneno. Hadithi kubwa haisogei mbele hata hatua. Watazamaji huita sehemu kama hizo za kujazia, na aghalabu huzinung'unikia.

Lakini iko moja ambayo watazamaji wa Uingereza waliipokea kwa moyo mwengine kabisa. Imepita miaka zaidi ya 30 tangu ilipoonyeshwa, na kila wapenzi wa mchezo ule wakaapo kuhesabu sehemu zilizo bora, hii haikosi kutajwa. Yafaa tujiulize: kwa nini?

MIAKA MILIONI TATU

Mchezo wenyewe waitwa Red Dwarf. Waliuandika Rob Grant na Doug Naylor, na BBC2 ikaanza kuuonyesha mwezi wa Februari 1988. Ni kichekesho juu ya zama zijazo. Kijana aitwaye Lister, mwenye cheo cha chini kabisa katika merikebu kubwa ya angani, aingiza paka kwa siri, jambo lililokatazwa. Adhabu yake ni kufungiwa katika chumba ambamo wakati hausogei. Atolewapo, miaka milioni 3 imekwisha pita na mabaharia wenziwe wote wamekufa kwa mionzi.

Waliobaki naye ni kompyuta ya merikebu, kiumbe mfano wa binadamu aliyetokana na kizazi cha yule paka, na Rimmer. Huyu Rimmer alikuwa mkubwa wake na mwenzi wake wa chumba. Alikufa pamoja na wengine, lakini kompyuta imemrudisha kwa taswira ya mwangaza. Aona, asema, agomba, ajivuna, ila hawezi kushika hata kijiko. Katika fungu la tatu, la mwaka 1989, mtumishi wa chuma aitwaye Kryten alikuja kukaa nao moja kwa moja.

Fungu hilo lilianza tarehe 14 Novemba kwa sehemu ya fahari, iitwayo Backwards, juu ya dunia ambayo wakati wake warudi kinyumenyume. Tarehe 28 likaja dude la Polymorph, lenye kugeuka umbo na kula hisia za watu. Baina ya hizo mbili, tarehe 21, ndipo kilipowekwa kiporo chetu. Jina lake ni Marooned, yaani waliokwama.

KASHA LA KAFURI

Tukio lake laelezwa kwa maneno machache. Lister na Rimmer waanguka na chombo chao kidogo katika sayari ya barafu. Nje ni tufani ya theluji, na wenzi wao wako mbali. Chakula kilichopo ni kidogo mno, na kimojawapo ni mkebe wa chakula cha mbwa. Kuni hakuna; hapana budi kuchoma kila kiwakacho. Rimmer hasikii njaa wala baridi, kwa sababu yeye ni marehemu. Atakayekufa ni Lister peke yake. Basi mmoja aomba vitu vya kuokoa roho yake, na mwengine alilia mali asiyoweza hata kuigusa.

Ikifika zamu ya vitabu, Rimmer apinga kwa ghadhabu kuchomwa kwa Shakespeare. Aambiwapo asome angalau maneno mawili matatu ayajuayo kwa moyo, atoa neno moja tu, na hapo hapo akwama. Sisi tulio katika kazi ya mashairi hatuna haja ya kwenda angani kumtafuta mtu wa namna hiyo.

Wakiota moto, wahadithiana mambo ya ujanani, mengine si ya kusimuliwa mbele ya wazee. Lister akiri tendo moja alilolifanya katika uwanja wa gofu. Rimmer akasirika sana, lakini si kwa tendo: kinachomchoma ni kwamba mtu huyu hakuwa mwanachama wa uwanja ule! Kwa kicheko hicho kimoja mtazamaji ammaliza Rimmer kumjua, moyo na roho.

Kisha yaja masuala ya kasha. Rimmer analo sanduku la mti wa kafuri alilopewa na babaye, na halichomwi. Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa kasha ni nini. Kwetu kasha ni mahali pa kanga za arusi, hati za shamba na vitu vya marehemu bibi. Twajua pia kwamba kafuri huzuia wadudu, na harufu yake haifichiki.

Lister naye ana gitaa, kipenzi chake, ingawa kulipiga hajui. Rimmer ashikilia kwamba gitaa lichomwe. Lister aomba aachwe peke yake aliage. Mwenziwe atokapo, achukua msumeno, akata umbo la gitaa katika ubao wa nyuma wa kasha la Rimmer, na hilo ndilo alitialo motoni. Rimmer arudi, aona umbo la gitaa likiteketea, na moyo wake wayeyuka. Kwa mara ya kwanza amwona mwenziwe kuwa mtu mwenye kujinyima. Kwa kutotaka kushindwa kwa wema, atoa askari wake wadogo wa kuchonga, wa zama za Napoleon, tunu yake kuu, nao wachomwa. Lister asifiwa, na kila sifa ni mwiba. Mwishowe tundu lenye umbo la gitaa laonekana.

WALICHOKIONA WATAZAMAJI

Katika sehemu nyingine, mtazamaji yu upande wa Lister daima. Rimmer ni mwoga, mchongezi, mtumwa wa kanuni. Hapa mambo yageuka. Yule tuliyezoea kumcheka ndiye aliyetoa kwa moyo safi, na yule tumpendaye ndiye aliyefanya hiana. Kicheko cha watu waliohudhuria studio chasikika, lakini mtazamaji aliye kwake ajikuta anamwonea huruma mtu asiyetazamia kumwonea. Hilo dude la wiki ya pili yake halikuweza kulifanya, pamoja na gharama zake zote.

Wako watazamaji ambao sehemu kama hii haiwaridhishi. Husema hakuna kilichobadilika: chombo kimepatikana, wamerudi merikebuni, safari ni ile ile. Kwa hesabu ya safari, wasema kweli. Lakini watu hawa wawili walikuwa wamekaa pamoja tangu mwaka wa kwanza wa mchezo, na hatukupata kuwasikia wakizungumza kwa urefu hivi. Mashaka makubwa ya angani huwapa watu kazi ya kukimbia. Chumba chenye baridi huwapa kazi ya kusemezana.

Waandishi wenyewe hawakuficha walikojifunza. Waliutaja mchezo wa zamani wa BBC, Steptoe and Son, ulioanza mwaka 1962, wa baba na mwana wauza takataka waliofungamana katika nyumba moja, hawapendani wala hawaachani. Toa merikebu, toa nyota, weka watu wawili na ugomvi wao: hicho ndicho kiini cha Red Dwarf, na sehemu hii ya rahisi ndiyo iliyokitoa nje.

Basi msomaji, siku utakapoambiwa sehemu ya leo ni ya kujazia tu, usiondoke. Tazama kwanza mpishi kafanya nini kwa kile kidogo alicho nacho. Nami namalizia kwa ubeti mmoja:

Usidharau pungufu, huenda lina maana,
Wawili wenye mahofu, mengi wataambiana,
Na kasha lenye harufu, tundu litaonekana,
Uwongo hata hafifu, mwishowe hujulikana.