Kayaki, Kamera na Mikoko Iliyopinduka Majini

Anayepiga picha ya mikoko iliyojichora majini kwa kawaida husimama gatini au juu ya daraja la mbao, huinamisha kamera na kubonyeza. Picha hutoka ina maji ya kahawia, tope la chini likionekana, na ile mikoko iliyomvutia imefifia kama haikuwapo. Watu hulaumu kamera, au hukimbilia kununua lenzi ya bei kubwa zaidi. Sababu ni kimo cha mahali aliposimama mpiga picha. Taswira ya majini hutegemea pembe ya jicho, na pembe nzuri kuliko zote iko chini kabisa, pale anapokaa mtu ndani ya kayaki, kiuno chake kikikaribiana na uso wa maji. Ndiyo maana mimi huihesabu kayaki kuwa sehemu ya kamera, na huihesabu kazi hii kuwa sanaa yenye taratibu zake, mbali na upigaji picha wa mandhari tuliouzoea.

Tuanze na mwanga wenyewe. Ukiyatazama maji kutoka juu moja kwa moja, uso wake hurudisha asilimia 2 tu ya mwanga. Mwingine wote huzama, na ndiyo sababu unaona mchanga na majani yaliyooza. Kadiri unavyoyatazama kwa mshazari, ndivyo yanavyorudisha mwanga mwingi. Chukua mtu aliye gatini, macho yake yakiwa mita 3 juu ya maji, akitazama sehemu iliyo mita 4 na nusu mbele yake. Mahali hapo maji humrudishia asilimia 5 hivi ya mwanga. Mwenzake yumo kwenye kayaki, macho yake yako sentimita 80 juu ya maji, naye anatazama umbali uleule. Huyu hupata takriban asilimia 35. Maji ni yaleyale na saa ni ileile, lakini taswira ya wa pili imekolea mara saba. Akiishusha kamera hadi usawa wa goti, zaidi ya nusu ya mwanga itamrudia.

Kilicho chini ya maji nacho kina sehemu yake. Penye mchanga mweupe, mwanga uliozama hugonga chini ukapanda tena na kuichujusha taswira. Tope jeusi la mikokoni huumeza. Kwa hiyo hori ya mikoko humpa mpiga picha kitu ambacho ufuo wa watalii haumpi: maji yenye weusi wa kutosha kushika rangi ya jani, ya gome na ya wingu bila kuzichanganya na rangi ya chini.

Wengi hudhani taswira ya majini ni nakala ya kilicho juu, imegeuzwa tu kichwa chini. Sivyo. Maji hukuonyesha kitu kama ambavyo kingeonekana na jicho lililoko chini ya uso wa maji, kina kilekile ambacho jicho lako liko juu yake. Katika mstari wa miti ulio mbali, juu na chini hufanana sana. Lakini sogea hadi kwenye tawi la mlilana lililoinama juu ya maji, chini ya usawa wa macho yako. Kwa macho unaona mgongo wa majani, unaong'aa kwa jua. Majini unaona matumbo yake, yenye kijani kingine, na nyuma yake kipande cha mbingu ambacho hukioni nyuma ya tawi ukilitazama moja kwa moja. Picha inayobeba vyote viwili huwa na mitazamo miwili ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo sanaa hii inapoanza kuwa na la kusema.

Mahali ninapopapendelea ni hori ya Mida, kusini kidogo ya Watamu katika pwani ya Kenya, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Kuna mikoko ya aina kadhaa, na kila aina hujichora kwa namna yake. Mchu huchomoza vipumulio vyembamba kutoka matopeni, navyo majini hurefuka maradufu vikawa mistari iliyosimama. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya upinde, ndio mwalimu mkuu. Kila mzizi hutoka shinani, hupinda hewani na kushuka majini. Maji yakitulia, upinde hukutana na taswira yake vikaunda duara lililofungwa. Maji yakianza kupwa, upinde unazidi kufichuka, na lile duara hurefuka taratibu likawa yai lililosimama, kisha huchanika pale tope linapojitokeza. Ukikaa mbele ya shina moja katika muda huo, utapata picha nyingi zisizofanana bila kusogea hata hatua. Kaa mdogo akidondoka kutoka kwenye mzizi hutosha kuvunja duara zima, na inabidi ungoje lijiunge upya. Ungoje kweli, kafi likiwa mapajani na mikono imetulia.

Kufanyia sanaa ndani ya chombo si jambo jipya. Mwaka 1857 mchoraji Mfaransa Charles-François Daubigny alianza kutumia mashua aliyoigeuza karakana, akawa anachora mito ya Ufaransa kutoka majini. Claude Monet akafuata nyayo zake miaka ya mwanzo ya 1870 huko Argenteuil, na mwaka 1874 Édouard Manet akamchora Monet akiwa kazini ndani ya mashua yake mwenyewe. Baadaye Monet alijichimbia bwawa lake huko Giverny akachora mayungiyungi. Jambo la kushika ni uamuzi mmoja alioufanya katika michoro hiyo: aliuondoa ukingo. Katika michoro 48 ya mayungiyungi aliyoionyesha Paris mwaka 1909, mingi haina nchi kavu wala upeo wa macho. Kuna uso wa maji tu, na juu yake majani yanayoelea, na ndani yake mbingu. Mtazamaji hana pa kukanyaga. Uamuzi huo ndio ninaowasihi wapiga picha wetu waujaribu kabla ya mwingine wowote.

Kwa wapiga picha, jina ninalolirudia ni Eliot Porter, Mmarekani aliyesomea udaktari kisha akauacha. Kuanzia mwaka 1960 alisafiri mara kwa mara na mto Colorado katika bonde la Glen Canyon, akipiga kwa rangi mwanga uliogonga kuta za miamba na kushuka majini: rangi ya chungwa kutoka ukuta wenye jua, buluu kutoka mbinguni, vyote katika kidimbwi kimoja chenye kivuli. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1963, mwaka uleule ambao bwawa la umeme lilianza kulifunika bonde. Porter alielewa kwamba maji yaliyo kivulini, mbele ya kitu kilicho juani, hubeba rangi nyingi kuliko maji yaliyo juani yenyewe. Kanuni hiyo inafanya kazi Mida, inafanya kazi Pangani, inafanya kazi kwenye mto wowote wenye ukingo mrefu.

Sasa maji na upepo. Hapa mvuvi anajua kuliko kitabu chochote cha upigaji picha. Kusi likivuma maji ya wazi hayatulii, na kaskazi nalo lina nguvu zake. Maleleji, majira ya kubadilika kwa pepo, karibu na Machi na Aprili na tena Oktoba na Novemba, huleta asubuhi za shwari. Hata katika misimu mingine, alfajiri ina utulivu wake kabla upepo wa baharini haujaamka, na ndani ya mikoko utulivu huo hudumu zaidi. Lakini unahitaji pia maji yaliyosimama, kwa sababu mkondo unaopita kati ya mizizi huchora michirizi na kuikata taswira. Katika pwani ya Mombasa na Zanzibar, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kila siku huchelewa zaidi. Kwa hiyo siku mbili au tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hujaa mnamo saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza. Siku hizo nazipanga mapema. Na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua letu hupanda upesi: katika muda wa saa moja limeshafika nyuzi 15 hivi juu ya upeo, na ule mwanga wa ubavuni umekwisha.

Chombo chenyewe kinaendeshwa kwa adabu. Kayaki ikienda kasi halafu ikasimama ghafla, wimbi lake lenyewe huipita na kutangulia mbele, likaharibu mahali ulipotaka kupiga. Acha kupiga kafi mapema, iache iteleze hadi isimame yenyewe, ndipo uinue kamera. Usilichovye kafi tena, maana matone yake huacha pete. Kamera ikae kwenye mfuko usiopitisha maji hadi wakati wa kazi, na jioni ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kwani chumvi hula vyuma polepole bila kuonekana.

Kuhusu fokasi, wengi hushangaa. Taswira ya mti haiko juu ya uso wa maji. Kwa lenzi, iko mbali sawa na jumla ya umbali kutoka kwako hadi majini na kutoka majini hadi kwenye mti. Ukilenga jani linaloelea mita moja mbele yako, mti uliomo majini utafifia. Ukilenga mti, jani litakuwa doa. Huu ni uamuzi wa kisanaa, usiuachie mashine. Mimi huchagua mti mara nyingi na kuliacha jani liyeyuke. Filta ya polaraizi inayopendwa sana na wapiga picha wa pwani hapa itumike kwa uangalifu: kazi yake ni kufuta mng'ao, na mng'ao ndio unaoutafuta. Hufuta kikamilifu ukiyatazama maji kwa nyuzi 37 hivi kutoka usoni mwake. Kutoka kwenye kayaki unatazama chini ya pembe hiyo, kwa hiyo itapunguza tu taswira na kula mwanga wako. Iache nyumbani.

Maji yasipotulia kabisa, usifunge mfuko. Kiwimbi chepesi huivuta taswira zaidi kwa wima kuliko kwa ubavu, ndiyo maana taa moja ya ng'ambo hugeuka mstari mrefu unaokujia. Sababu ni kwamba kila kiwimbi ni kioo kidogo kilichoinama, na kwa mtu anayetazama kwa mshazari, mwinamo wa kuja na kwenda huhamisha taswira zaidi kuliko mwinamo wa kushoto na kulia. Mng'ao wa jua juu ya viwimbi hivyo una taarifa ndani yake. Mwaka 1951 wanasayansi wa bahari Charles Cox na Walter Munk waliupiga picha kutoka kwenye ndege karibu na kisiwa cha Maui, Hawaii, wakakokotoa miinamo ya mawimbi kwa kila kasi ya upepo, na kazi yao hutumiwa hadi leo na wanaoisoma bahari kwa setilaiti. Kwa mpiga picha, somo ni kuchagua kasi ya shata. Kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde kila kioo kidogo husimama na rangi zake zikakatika vipande vyenye kingo kali. Kwa 1/30 hivi, rangi huanza kuingiliana. Chini ya hapo mtikisiko wa chombo huharibu kila kitu, wala hakuna mahali pa kusimika miguu mitatu ya kamera.

Ninaona picha nyingi za aina hii zikipinduliwa kwenye kompyuta ili taswira ionekane imesimama. Ni mbinu inayoshtua mara ya kwanza, mara ya pili inachosha. Hali kadhalika kukoleza rangi hadi kijani cha mkoko kikawa cha plastiki. Maji tayari yameshafanya kazi ya kubadilisha. Yamelitia tawi giza kidogo, yamelirefusha, yamelifungua tumbo. Kazi ya msanii ni kuchagua wapi fremu ianzie na wapi iishie, na hapo ukingo ukitoka, mtazamaji hulazimika kuangalia badala ya kutambua tu kwamba huu ni mti na yale ni maji.

Kwa anayetaka kuanza, chagua hori moja tu uirudie katika misimu tofauti, maana ukizunguka hori kumi hutaijua hata moja. Lipa kiingilio pale panapodaiwa, usikanyage miche ya mikoko, na usiwafukuze ndege kwa kutafuta picha. Vaa jaketi okozi hata kama maji yanafika kifuani tu. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayorudi, na mwulize mvuvi wa pale maji yanaanza kupwa saa ngapi. Hori kama Mida hukauka sehemu kubwa maji yakitoka, na mkondo wa mlangoni mwake ni mkali. Atakayechelewa ndani atakaa juu ya tope hadi maji yajae tena.