Mkebe wa Dawa za Tumbo

Tangu nilipoingia shule hii wenzangu wa bwenini hunicheka kwa sababu ya mkebe wangu wa dawa. Lakini muhula uliopita, usiku ule maharage yalipotushinda nusu ya darasa, wale wale waliocheka walinijia mmoja mmoja kuomba tangawizi. Basi nimeona yafaa niwaeleze yaliyomo mkebeni.

Sisi ni Wabajuni. Bibi yangu alizaliwa Chula, kimoja katika vile visiwa vinavyofuatana kusini ya Kismayu hata karibu na mpaka wa Kenya. Huko maji ya visima mengi yana chumvi, na watu hukinga ya mvua. Yakiingia uchafu, tumbo ndilo la kwanza kupata habari. Dawa zenyewe nyingi hazioti kisiwani. Zililetwa na majahazi: karafuu za Unguja na Pemba, iliki na bizari za Bara Hindi, sanamaki ya Arabuni, ambayo hata jina lake lataja Makka.

Tumbo likijaa upepo, Bibi huchemsha bizari nyembamba pamoja na iliki, nawe hunywa ingali moto. Kwa kichefuchefu ni tangawizi, na hii madaktari wameijaribu wakaona kweli yasaidia. Kwa kuhara kidogo hutumia majani ya mpera au ganda la komamanga. Ukitafuna ganda hilo ulimi hukauka: huo ni ukakasi, nao ni jamaa ya ule uliomo katika magome ya mikoko, yaliyokuwa yakipelekwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Mwarobaini wasema watibu maradhi arobaini. Mimi sijapata kuhesabu hata kumi, na mafuta yake ni hatari kwa watoto wachanga.

Sasa nije kwenye sanamaki. Majani haya huuchokoza utumbo mpana ujikaze na kusukuma vilivyomo, na kazi yake huonekana baada ya saa 6 mpaka 12. Ni dawa ya mtu aliyefunga choo, basi. Mwaka 2019 nilikuwa Kismayu kwa mjomba. Binamu yangu wa miaka minne akaanza kuhara, na Bibi alikuwa amekwenda matangani. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema tumbo lisafishwe, akamnywesha sanamaki. Mimi ndiye niliyeshika kikombe. Hata kufika usiku mtoto alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi.

Bibi aliporudi hakuuliza ni nani. Alimfinya ngozi ya tumbo, nayo ikabaki imesimama kama kunjo la nguo. Akachukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akamnywesha kijiko baada ya kijiko njia nzima mpaka hospitali.

Nilidhani hiyo nayo ni dawa ya kale ya visiwani. Kumbe sivyo, alifundishwa kliniki. Sukari huichukua chumvi kupita katika ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia kambi ya wakimbizi huko Bangaon, Bara Hindi, maji ya kutia mishipani yalikuwa yakiisha, ndipo Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji ya namna hiyo wanywe. Vifo, vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Hayaponyi kuhara kwenyewe, bali humweka mtu hai mpaka kuishe. Lakini damu ikionekana chooni, au maumivu makali yakishika upande wa kulia chini, acha mkebe, nenda kwa daktari.

Binamu yangu sasa yu darasa la tano. Sanamaki ingali mkebeni, nimeifunga peke yake katika karatasi nyekundu. Atakaye tangawizi na aje wakati wowote. Atakaye hiyo, nitamwuliza maswali kwanza.