Tumehamia au Tuko Kikazi?

Wazazi wetu walitoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Tuliwauliza kwa nini walikuja Dubai. Wote walitaja usalama na mshahara usiokatwa kodi ya mapato. Majirani zetu hapa Silicon Oasis, Wahindi na Wafilipino, wanasema hivyo hivyo.

Lakini kwa wengi kibali cha kuishi hufuata kazi. Viza ya dhahabu ya miaka 10 ipo tangu 2019, ila si ya kila mtu. Wavulana wasiooa hudhaminiwa na wazazi hadi miaka 25 tu.

Ndiyo maana nyumbani hakuna asemaye “tumehamia”. Husema “tuko kikazi”. Sisi tuliokulia hapa bado tunatafuta kitenzi chetu. Kwenu mnasemaje?