Mtoto Akisema "Nilibebwa Usiku"

Leo tunazungumzia jambo ambalo watu wengi wa Mosocho wamelisikia tangu utotoni, lakini ni wachache wanaolitaja wakifika kliniki. Ni pale mtu wa nyumbani anapoamka akiwa mchovu na mwenye hofu, akasema: "Usiku nilishikwa. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Kulikuwa na mtu karibu na mlango. Nilihisi ninainuliwa kitandani."

Huku kwetu maneno hayo yakisemwa, jina linalokuja mdomoni kwanza ni abarogi. Inasemekana kwamba wao humtoa mtu nyumbani usiku, wakamzungusha nje, kisha wakamrudisha kabla ya mapambazuko. Chai ya asubuhi haijamalizika, na tayari familia inaulizana: ni nani? Mara nyingi anayetajwa ni mwanamke mzee anayekaa peke yake.

Mama, leo tunakuomba ujifunze kuuliza swali lingine. Kabla ya kuuliza "ni nani?", uliza "mwili wako ulikuwaje?" Swali hilo linaweza kumwokoa mtoto wako ikiwa ni mgonjwa. Linaweza pia kumwokoa nyanya wa jirani.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mtu anapolala, usingizi wake hubadilika mara kadhaa kabla ya kukucha. Kuna kipindi cha usingizi wa ndoto. Katika kipindi hicho ubongo unafanya kazi sana, lakini unaizuia misuli ya mikono, miguu na mwili isifanye kazi. Huu ni ulinzi. Bila kizuizi hicho, mtu anayeota anakimbia angeruka kutoka kitandani na kujiumiza. Macho huendelea kusogea na pumzi huendelea kuingia na kutoka.

Wakati mwingine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu anaona chumba chake, anaona mwanga dirishani, lakini hawezi kuinua hata kidole. Sauti haitoki. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu anataka kuvuta pumzi ndefu na misuli bado haimtii. Ndoto nayo haijaisha, kwa hivyo anaweza kuona kivuli, kusikia hatua za miguu, au kuhisi kwamba kuna mtu chumbani. Wengine huhisi wanaelea au wanavutwa. Hali hii hudumu sekunde kadhaa au dakika chache, kisha mwili hufunguka wenyewe. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui.

Ni nani hupatwa na hali hii? Mtu yeyote anaweza. Hutokea zaidi kwa mtu asiyelala vya kutosha, anayelala chali, anayebadilisha saa za kulala kila mara, au mwenye mawazo mengi. Fikiria kijana wa shule anayezima taa saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili asome kwa ajili ya mtihani. Hizo ni saa tano tu, na kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Fikiria mama anayenyonyesha usiku kucha, kisha anadamka kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili. Hawa si watu waliorogwa. Ni watu wenye deni la usingizi.

JAMBO MOJA, MAJINA MENGI

Hali hii haipatikani Kisii peke yake. Watu wa pwani husema jinamizi limemkaba mtu. Wajapani huiita kanashibari, yaani kufungwa kama kwa chuma. Katika kisiwa cha Newfoundland huko Canada, wazee walisema ni ajuza anayekuja kumkalia mtu kifuani.

Kule Pemba na Unguja, mwaka 1995, watu wengi walisema wanavamiwa usiku na kiumbe aliyeitwa popobawa. Familia nzima nzima zililala nje pamoja kwa hofu. Wataalamu waliochunguza habari hizo waliona kwamba maelezo mengi yalifanana na hali hii ya mwili kufungika usingizini: kukandamizwa, kushindwa kusema, kuhisi kuna kiumbe chumbani. Hofu hiyo haikuishia kwenye maneno. Mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa.

Huko Marekani nako kuna watu wanaosema walibebwa usiku. Wao hawasemi ni wachawi. Husema ni viumbe kutoka sayari nyingine waliokuja na chombo cha angani. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Richard McNally na Susan Clancy waliwachunguza watu 10 wa namna hiyo, wakaeleza matokeo mwaka 2005. Madai ya watu hao yalianzia usiku ambapo waliamka wakashindwa kusogea. Hawakuwa waongo. Walipoyasimulia yaliyowapata, mioyo yao ilienda mbio kama ya mtu anayekumbuka ajali ya kweli.

Umeona, mama? Mwili ni mmoja na hofu ni moja. Jina ndilo linatoka katika hadithi ambazo mtu amezisikia kwao. Aliyekulia Marekani ataona kiumbe wa angani. Aliyekulia Mosocho ataona omorogi. Kwa hivyo mtoto wako akisema alishikwa, usimwite mwongo. Alichohisi ni kweli. Lakini kuhisi mtu chumbani si ushahidi kwamba mtu fulani aliingia.

SWALI HUTENGENEZA JIBU

Mwaka 1961 mume na mke huko Marekani, Barney na Betty Hill, walikuwa wakisafiri usiku kwa gari. Waliona mwanga angani, na baadaye wakashindwa kueleza saa kadhaa za safari ile. Miaka miwili na zaidi ilipita. Mwaka 1964 daktari mmoja aliwaweka katika hali ya kulegea kama usingizi na kuwauliza maswali. Hapo ndipo ilipotoka simulizi ndefu ya kutekwa na viumbe. Daktari mwenyewe, Benjamin Simon, hakuamini kwamba walitekwa. Aliona simulizi hiyo imetokana na ndoto za Betty, ambazo mumewe alikuwa amezisikia akisimulia.

Tunajifunza nini? Kumbukumbu si kama picha iliyowekwa sandukuni. Kila inapotolewa inaweza kuongezwa kitu. Ukimwuliza mtoto mwenye hofu, "Alikuwa Mama Fulani, sivyo?" atakubali. Ukimwuliza mara ya pili, atakuwa tayari amemwona usoni. Ukimpeleka kwa mtu wa kumwuliza mara ya tano mbele ya majirani, jina litakuwa limekwama. Mtoto hajadanganya, lakini jina limetoka kwako.

SIYO KILA USIKU NI JINAMIZI

Yapo mambo mengine yanayofanana na kubebwa usiku, na mengine yanahitaji matibabu haraka. Ndiyo maana ni lazima uulize kuhusu mwili.

Kushtuka usingizini. Mtoto mdogo anaketi ghafla, anapiga mayowe, macho yako wazi lakini hakutambui. Asubuhi hakumbuki kitu. Usimtikise. Kaa naye hadi atulie. Wengi hupona wanapokua.

Kutembea usingizini. Mtoto anafungua mlango akiwa bado amelala, na anaweza kuamkia uani au njiani. Mwongoze kitandani polepole, na usiku funga mlango vizuri.

Kifafa. Wengine hupatwa na kifafa wakiwa wamelala. Tazama kama ameuma ulimi, amekojoa kitandani ilhali si kawaida yake, misuli inauma, au amechanganyikiwa na saa zimempotea. Akipata mshtuko mbele yako, mlaze kwa ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni. Kifafa kina dawa.

Malaria kali. Mtoto mwenye homa anayeongea maneno yasiyoeleweka, anayeona watu wasiokuwapo, asiyeamka vizuri au aliyepata degedege, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kukuche.

Ugonjwa wa akili baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua karibuni, ambaye halali hata mtoto anapolala, anasikia sauti, au anasema kuna watu wanataka kumchukua mtoto, ni mgonjwa. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu wa kweli. Hili ni zito, mama. Mtoto akisema kuna mtu huja kitandani kwake usiku, huenda mtu huyo yupo, na huenda ni wa nyumba hiyo hiyo. Tazama kama ana maumivu au damu sehemu za siri, kama anamwogopa mtu mmoja, au anakataa kulala chumba fulani. Usimwogeshe. Mfikishe hospitali mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Unaweza kupiga simu 116, namba ya kuwasaidia watoto, bila malipo. Kumsingizia mrogi hapa ni kumficha mhalifu.

NYANYA ANAYETEMBEA USIKU

Sasa tumtazame upande wa pili. Wazee wengine hupata ugonjwa wa ubongo unaowafanya wasahau. Husahau majina, husahau njia, huchanganya mchana na usiku. Nyanya mwenye ugonjwa huu anaweza kutoka usiku bila nguo akitafuta nyumba aliyozaliwa, akakutwa katika boma la watu. Hajui amefikaje pale, na hawezi kujieleza.

Fikiria usiku mmoja ambapo kijana ameamka mwili umefungika, na nyanya wa namna hiyo amekutwa nje ya nyumba yao. Hapo kuna wagonjwa wawili, na wote wanahitaji kupelekwa kliniki. Lakini mara nyingi mmoja huitwa aliyerogwa na mwingine huitwa mrogi.

Tunajua mambo hayo huishia wapi. Mei 2008, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii kwa madai ya uchawi. Tarehe 17 Oktoba 2021, huko Marani, jirani zetu kabisa, wanawake wanne waliuawa na umati na nyumba zao zikachomwa. Walidaiwa kumroga mwanafunzi wa shule. Mwanafunzi aliyepatwa na shida alistahili kuchunguzwa na daktari. Umati haukungoja daktari, na familia nne zikazika mama zao.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inasema ni kosa kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa unapopeleka malalamiko yako kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Hata jina linalotajwa jikoni asubuhi linaweza kuwa kosa, na linaweza kuwa mwanzo wa moto.

LA KUFANYA NYUMBANI

Mtu wako akiamka na habari ya kushikwa usiku, keti naye. Mpe maji. Mwambie: "Nimekusikia, uko salama." Kisha uliza: Ulilala saa ngapi? Ulikuwa umelala chali? Uliweza kusogea? Ilichukua muda gani? Una homa? Ulimi unauma? Kitanda kimelowa? Kuna mtu amekugusa? Usitaje jina la mtu yeyote.

Ikiwa ni mwili kufungika tu, mfundishe kwamba ikirudi asipigane nayo. Apumue taratibu na ajaribu kusogeza ncha ya kidole kimoja cha mguu au cha mkono. Anayelala karibu akimwona anahangaika amguse bega na kumwita jina. Alale kwa ubavu, na alale na kuamka saa zile zile. Aepuke kahawa, miraa na pombe jioni. Mwanafunzi apunguziwe kusoma usiku wa manane, kwa maana akili iliyochoka haishiki masomo.

Nenda kliniki ikiwa hali inarudi mara kwa mara, ikiwa mchana analala ovyo hata akila au akiongea, ikiwa magoti yanalegea anapocheka, au ukiona dalili zozote tulizotaja. Mwulize mhudumu wa afya ya jamii kijijini kwako. Anayehitaji uchunguzi zaidi ataelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anayesema alishikwa usiku hadanganyi, lakini alichoona si ushahidi dhidi ya mtu.
2. Uliza kuhusu mwili kwanza. Usimpe mtoto jina la kusema.
3. Homa, degedege, kuuma ulimi, au mama mzazi asiyelala: hospitali mara moja.
4. Mtoto akisema anaguswa usiku, mwamini na umpeleke hospitali.
5. Nyanya anayepotea usiku ni mgonjwa. Mrudishe kwao na umjulishe mhudumu wa afya.
6. Ukisikia watu wanapanga kumvamia mzee, piga simu 999 au 112, na umjulishe chifu mara moja.

Zungumza na wenzako kwenye chama au mkirudi kutoka kanisani: je, hapa kwetu mtoto akiamka na hofu, swali la kwanza tunalouliza ni lipi? Tukutane katika mazungumzo yajayo. Lala salama, na ulale vya kutosha.