Dashibodi Inang'aa, Hesabu Hazilingani

Katika kampuni nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, mkutano wa Jumatatu asubuhi siku hizi huanza na mabishano. Meneja wa mauzo anafungua dashibodi na kutangaza idadi ya wateja wapya wa wiki. Mhasibu ana faili lake la Excel, na hesabu yake ni ndogo zaidi. Kijana wa TEHAMA anatazamwa na wote wawili kana kwamba yeye ndiye aliyewaficha wateja. Muda unakwisha, na uamuzi uliowakutanisha unaahirishwa hadi wiki ijayo.

Tatizo hili si la kampuni moja. Limekuja pamoja na programu za kusimamia uhusiano na wateja, ambazo ni biashara kubwa mno. Tom Siebel na mwenzake walianzisha Siebel Systems mwaka 1993. Mwaka 1999 ikazaliwa Salesforce huko San Francisco, ikiuza huduma kupitia intaneti badala ya programu ya kufungwa kwenye kompyuta za ofisi, na mwaka 2005 Oracle ikatangaza kuinunua Siebel kwa dola bilioni 5.8. Tangu hapo ushindani umehamia kwenye uchambuzi. Salesforce ilitoa programu yake ya uchambuzi, Wave, mwaka 2014, na mwaka 2019 ikakubali kuinunua kampuni ya uchambuzi ya Tableau kwa dola bilioni 15.7. Wave imebadilishwa jina mara kadhaa na leo inaitwa CRM Analytics, kwa hiyo fundi anayetafuta tiba ya hitilafu moja hukuta maelezo yametawanyika chini ya majina manne.

Muuzaji anapokuja kuonyesha bidhaa, anaonyesha michoro. Kinachoharibika baadaye ni safari ya data: kutoka duka, kituo cha simu au mfumo wa malipo, hadi kwenye kumbukumbu za wateja, na kutoka hapo hadi kwenye uchambuzi. Kila kituo cha safari hiyo kina namna yake ya kupoteza rekodi, na huku kwetu kuna namna ambazo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa Marekani havizigusi kabisa.

Ya kwanza ni namba ya simu. Kule mteja hutambuliwa kwa barua pepe. Hapa utambulisho wake ni laini yake. Sasa laini hiyohiyo huandikwa kwa sifuri mwanzoni dukani, kwa 255 au 254 kwenye mfumo wa malipo, na kwa alama ya kujumlisha kwenye fomu ya tovuti. Kwa mwanadamu hiyo ni namba moja, lakini kwa programu ni wateja watatu. Ongeza Excel katikati, kwa sababu karibu kila kampuni ina hatua moja ambapo mtu anapakua orodha, anaipanga kwa mkono, kisha anaipandisha tena. Namba yenye msimbo wa nchi ina tarakimu 12, na Excel ikiiona kama hesabu ya kawaida huionyesha hivi: 2.55712E+11. Faili likihifadhiwa kwa muundo wa CSV, kinachosafiri ni hicho kilichoonekana. Tarakimu za mwisho zimekwenda, wala hazirudi. Wateja wote ambao namba zao zilifanana mwanzoni wamegeuka mtu mmoja mwenye manunuzi ya kutisha, na huenda kesho yake akaonekana juu kabisa ya orodha ya wateja bora. Dawa ni kuifanya safu ya simu kuwa maandishi kabla faili halijafunguliwa, na kukubaliana muundo mmoja wa namba unaolazimishwa pale data inapoingia, si kurekebishwa kila mwisho wa mwezi.

Ya pili ni malipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, biashara zimezoea kupata uthibitisho wa malipo papo hapo. Fedha zikiingia, mfumo wa malipo hutuma taarifa kwenye seva ya mfanyabiashara. Seva ikiwa imezimika dakika hiyo, fedha zimo kwenye akaunti lakini taarifa huenda isifike tena kamwe, na mteja aliyelipa atapigiwa simu ya kudaiwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na Uganda, tuliona jinsi njia hizi zilivyo nyembamba. Mfumo unaotaka kuaminika unapaswa kuuliza wenyewe: kila usiku uchukue orodha ya miamala kutoka kwa mtoa huduma na kuilinganisha na ulichonacho. Kinyume chake pia hutokea, taarifa moja ikafika mara mbili na mauzo yakahesabiwa mara mbili. Kila muamala wa M-Pesa una namba yake ya risiti yenye herufi na tarakimu. Ikifanywa ufunguo wa rekodi, taarifa ya pili haina pa kukaa. Kampuni zinazotegemea jina na kiasi kutambua muamala zinajitafutia matatizo, hasa mahali ambapo mtoto hulipa kwa simu ya mama.

Ya tatu ni saa, nayo huwachanganya hata mafundi wazoefu. Mifumo mingi ya wingu hutunza muda kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mauzo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku huandikwa kuwa ya siku iliyotangulia, mpaka mtu aurekebishe ukanda wa saa. Kwa duka la vitambaa hilo si kitu. Kwa kituo cha mafuta, baa au muuzaji wa vifurushi vya intaneti, saa hizo tatu zina fedha nyingi, na usiku wa kuamkia tarehe mosi zinahamisha mapato kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine.

Halafu kuna makosa ya mfumo wenyewe. Alama ya kijani inayosema kazi imekamilika haisemi kwamba rekodi zote zimefika. Kazi inaweza kukamilika ikiwa imechukua rekodi sifuri. Katika CRM Analytics, data ya Salesforce husomwa na mtumiaji maalumu wa mfumo. Idara ya mauzo ikiongeza sehemu mpya kwenye fomu ya mteja, sehemu hiyo ikaingizwa kwenye uvutaji wa data, na mtumiaji huyo asipewe ruhusa ya kuisoma, kazi hukwama. Ukichagua kuvuta mabadiliko tu badala ya data yote, sehemu zinazokokotolewa kwa fomula zinaweza kubaki na thamani za zamani, kwa kuwa fomula ikibadilika tarehe ya marekebisho ya rekodi haibadiliki. Ndiyo maana ni busara kupanga uvutaji kamili mara moja kwa wiki. Kwingineko nimeona chanzo kikiwa kitu kidogo zaidi: muunganisho ulisajiliwa kwa akaunti ya mfanyakazi, mfanyakazi akaacha kazi, akaunti ikafungwa, na data ikasimama siku hiyohiyo bila mtu kugundua.

Kosa kubwa la wanaotafuta hitilafu ni haraka ya kuvuta kila kitu upya. Pasipokuwa na ufunguo wa kipekee, hatua hiyo huzaa rekodi pacha, na tatizo la kwanza linafunikwa na la pili. Fundi makini humchukua mteja mmoja ambaye anajulikana hayupo kwenye dashibodi na kumfuata kituo kwa kituo: yupo kwenye chanzo? Aliondoka? Alipokelewa? Aliunganishwa na nani? Kichujio gani kimemwondoa? Baada ya hapo huhesabu rekodi za kila siku katika kila kituo. Siku ambayo hesabu zinaanza kuachana ndiyo siku ya kuuliza nani alibadilisha nini. Kazi hii ni ya subira na haina mchoro wa kuonyesha bosi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi inayolipwa vibaya kuliko zote katika sekta hii.

Gharama ya hesabu zisizolingana haiishii kwenye mabishano ya Jumatatu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinadai taarifa za mtu ziwe sahihi. Mteja akiomba asitumiwe tena matangazo, mfumo mmoja ukamfuta na mwingine ukamrudisha usiku wakati wa kusawazisha data, mbele ya sheria kampuni haiwezi kujitetea kwa kusema kompyuta ndiyo iliyofanya hivyo. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya imekwisha kutoza kampuni kadhaa faini za mamilioni ya shilingi kwa kutumia vibaya taarifa za watu.

Kwa mkurugenzi anayekaribia kutia saini mkataba wa programu hizi, ombi ni hili. Mwambie muuzaji alete bidhaa yake ifanye kazi na data yako halisi ya mwezi mmoja, pamoja na namba za simu zilizoandikwa ovyo, kisha azime seva kwa saa moja mchana na aiwashe tena. Mhasibu wako awepo, na faili lake. Hesabu zisipolingana siku hiyo, usitie saini.