"Madam, You Give Me the Key"

Kabla hamjaniuliza kwa nini jarida la Kiswahili limeingiliwa na Kiingereza, nipeni nafasi nijieleze.

Likizo ya Agosti iliyopita shangazi alinitafutia kibarua katika duka moja la vifaa vya ofisi mjini, nipate kuchangia karo yangu. Meneja alikuwa mama mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Siku ya pili nilihitaji ufunguo wa stoo. Kichwani nilikuwa na maneno ya heshima kabisa: "Mama, naomba unipe ufunguo." Kinywani yakatoka: "Madam, you give me the key." Lo! Aliinua macho polepole, akaniuliza ni nani aliyemwajiri mwenzake, yeye au mimi. Kutwa nzima nilishinda stoo nikihesabu madaftari, hali wenzangu wako kaunta. Jioni shangazi akanionya kuwa nikirudia, kibarua kimeota nyasi.

Kosa lilikuwa wapi? Katika Kiswahili adabu tunaitia ndani ya kitenzi chenyewe. "Leta" ni amri; "ulete" imepoa, na tukitanguliza "naomba" mambo yamekwisha. Kiingereza hakina kiishio hicho cha -e. "Bring" ni "bring" tu, umwambie mtoto au mkurugenzi. Wengi wetu hudhani "please" itaponya kila kitu. La hasha! "Give me the key, please" bado ni amri, ila imevaa tai. Mwingereza anapoomba huuliza swali, ili mwenzake apate mlango wa kukataa: "Could I have the key, please?"

Hapo mtasema, si "could" ni wakati uliopita? Ni kweli, lakini hapa haisimulii habari za jana. Umbali wa wakati umegeuzwa kuwa umbali wa heshima. Na msishangae, maana sisi pia tunafanya vivyo hivyo. Ukienda kwa mwalimu wa zamu husemi, "Nataka ruhusa." Unasema, "Mwalimu, nilikuwa naomba ruhusa." Ulikuwa ukiomba lini, juzi? Tunayo pia -nge-: "ningependa" ndiyo "I would like", na "nataka" ndiyo "I want". Kumbe vifaa vyote tunavyo, ila tunaviacha mlangoni tukiingia kwenye Kiingereza!

Halafu kuna hili neno kuazima. Kwetu anayetoa na anayepokea wote huazima, ndiyo maana kila siku darasani nasikia ati "Borrow me your pen." Kwa Kiingereza anayetoa ndiye hu-"lend". Kwa hivyo: "Could you lend me your pen?"

Siku ya mwisho nilihitaji barua ya kuonyesha kuwa nilifanya kazi pale. Usiku nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Excuse me, madam. I was wondering if you could write me a letter." Uso wake ukachangamka. Akanijibu, "Would you mind waiting until four?" Nami kwa furaha, "Yes, madam!"

Maskini, nilikuwa nimekataa! "Would you mind" huuliza kama jambo litakuudhi, kwa hivyo anayekubali hujibu, "No, not at all." Bahati yangu alicheka mpaka akavua miwani. Saa kumi kamili barua ilikuwa mkononi.