Picha ya Ua, Siri ya Kilima

Wapiga picha wa okidi za porini wana desturi inayoshangaza. Picha huonyesha ua hadi vinyweleo vyake, mwezi huandikwa, mwinuko hukadiriwa, lakini jina la kilima halitajwi popote.

Satyrium crassicaule ni okidi ya waridi inayopenda nyasi zenye maji katika milima ya Afrika Mashariki na Kivu. Shuke lake husimama wima, vijiua vikiwa vimebanana. Kila kijiua kina kofia, na nyuma ya kofia huning'inia pembe mbili nyembamba zenye maji matamu. Anayelipiga picha kutoka mbele hupata rangi na kuzikosa pembe, na bila pembe mtaalamu hubaki akibahatisha ni aina gani. Kwa hiyo mpiga picha hulala ubavu kwenye nyasi zilizolowa, akangoja upepo utulie, akapiga pembe kwanza, kisha majani ya shinani. Nguo hazitazamiki tena, lakini kazi imefanyika.

Kinachofanya jina la kilima lifichwe kiko ardhini. Okidi hizi huwa na viazi viwili: kimoja kimesinyaa kwa kulilisha ua la mwaka huu, kingine kigumu, akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kigumu. Hutwangwa, kikachanganywa na karanga, magadi na pilipili, kikawa kikanda cha Lubumbashi au chikanda cha Zambia, kitamu kweli kwa wanaokijua.

Mwaka 2003, Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti wao kuhusu biashara hiyo katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kwa makadirio yao, viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilivushwa kwenda Zambia kila mwaka, na aina hadi 85 za okidi zilikuwa hatarini. Wachimbaji hawakuwa wakisubiri picha ya mtu. Vilima walivijua kwa miguu. Miaka miwili baadaye Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa, na leo watalii huipiga picha hadharani kwa jina lake. Je, siri humlinda nani, basi, pale ambapo hakuna askari wa hifadhi?

Swali hilo linauma zaidi Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Milima ya Itombwe ina hifadhi tangu 2006, lakini vita vimewafungia njia wengi wanaotaka kupanda. Mimea mingi iliyokusanywa Kongo enzi za Wabelgiji imekaushwa na kuhifadhiwa Meise, Ubelgiji, na ua likikauka rangi hupotea. Hata bundi wa Itombwe alijulikana kwa mzoga mmoja tu wa mwaka 1951, hadi mwingine aliponaswa hai mwaka 1996, akapigwa picha, akaachiwa aruke. Okidi za huko zinastahili angalau hayo.

Kijana wa Baraka, mji wa Fizi, atakayepanda na simu yake wakati wa mvua, azime kwanza kipengele cha mahali ndani ya kamera, maana picha huweza kubeba ramani bila mwenyewe kujua. Apige pembe kwa ubavu, aandike mwezi, na jina la kilima ampe mtafiti anayemwamini. Kiazi akiache ardhini.